Tupeane uzoefu: kasoro za kuzaliwa, kinga ianze lini?

Mleta mada
Wadau, humu wapo wakunga, wafamasia na watu wa maabara. Visa tuviache, tuleteane ya kazini: dozi, tarehe, vipimo na watu wanapokosea. Naanza na kalenda, maana ndiyo inayotuponza zaidi.

Chukua mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, hedhi ya mwisho imeanza tarehe 1 Machi. Mimba inatunga karibu tarehe 15, na hedhi nyingine anaitegemea tarehe 29. Mrija wa neva, ambao ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unamaliza kujifunga karibu siku ya 28 tangu mimba itunge, yaani tarehe 12 Aprili. Hapo kachelewa wiki mbili tu, pengine anasingizia uchovu. Akianza kliniki mimba ikiwa ya wiki 12 na kupewa foliki asidi (vitamini B9), mrija umeshajifunga au umeshashindwa wiki sita nyuma. Itamsaidia kuongeza damu, lakini mgongo wazi (mrija kutojifunga upande wa chini) haizuii tena.

Mkunga_Mkuu
Hapo umegusa penyewe. Mwanafunzi asiyeelewa mrija wa neva mpe mkeka: anyanyue kingo mbili zikutane katikati, halafu azishone kwenda juu na kwenda chini. Mshono ukikosekana juu, fuvu na sehemu kubwa ya ubongo haviumbiki na mtoto haishi. Ukikosekana chini, ndio mgongo wazi. Kichwa kikubwa mara nyingi huja pamoja nao kwa sababu maji ya ubongo hayapati njia ya kutoka.

Dozi ya kawaida ya foliki asidi ni mikrogramu 400 (miligramu 0.4) kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mimba yenye tatizo hili anahitaji miligramu 4 au 5, kwa cheti cha daktari. Utafiti ulioongozwa na Uingereza na kutolewa mwaka 1991 ulitumia miligramu 4, na tatizo kujirudia kulipungua kwa karibu 72%.

Mfamasia_wa_zamu
Hizo miligramu 4 au 5 zina mtego. Mtu ana vidonge vya pamoja vya madini chuma na foliki, kila kimoja kina miligramu 60 za chuma na 0.4 za foliki. Anapiga hesabu, anameza 12. Foliki imefika 4.8, sawa, lakini chuma kimefika miligramu 720 kwa siku moja, na hiyo imezidi mno kiasi salama. Multivitamini nazo ni hivyo hivyo: ukizirundika, vitamini A ya retinoli inapita yuniti 10,000 kwa siku, na ikizidi nayo inaweza kuharibu maumbile ya mtoto. Dozi kubwa itafutwe kwenye kidonge cha foliki peke yake.

Dawa za kuuliza kabla hajashika mimba: valproeti ya kifafa (karibu watoto 10 kati ya 100 hupata kasoro kubwa) na isotretinoini ya chunusi, ambayo inatakiwa iwe imeachwa angalau mwezi mzima. Ila valproeti asiiache ghafla! Degedege la mfululizo linaweza kuua mama na mtoto. Daktari abadilishe dawa taratibu, mimba isubiri.

Sukari_na_Chanjo
Kwa ufupi. Mwenye kisukari alenge HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi miwili mitatu) chini ya 6.5% kabla ya mimba. Ikizidi 10% asubiri kwanza. Chanjo ya rubela (surua ya Kijerumani) ni ya virusi hai, haichomwi kwa mjamzito, na aliyechanjwa akae siku 28 kabla ya kutafuta mimba.

Vinasaba
Selimundu: wazazi wote wawili wakiwa AS (wanabeba kinasaba kimoja, hawaumwi), kila mimba ina 25% ya kuzaa SS (mgonjwa). Kila mimba! Watoto watatu wazima hawampunguzii wa nne chochote. Na kile kipimo cha haraka cha uyeyukaji (solubility) hakitenganishi AS na SS. Ombeni elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za himoglobini.

Mtoto mwenye Down, msikimbilie kusema ni umri wa mama. Pimeni kromosomu zake (nyuzi zinazobeba vinasaba). Karibu 95% wana kromosomu 21 ya ziada iliyo huru, lakini 3 hadi 4% ni kromosomu iliyohama na kushikana na nyingine. Hao wazazi nao wapimwe, kwani mmoja akibeba muunganiko wa 21 kwa 21, kila mtoto wake atakayezaliwa hai atakuwa na Down.

Skrini
Ultrasaundi ya maumbile ni wiki 18 hadi 22. Ile ya kupima maji ya nyuma ya shingo hufanyika mtoto akiwa na urefu wa milimita 45 hadi 84, na inatoa uwezekano tu wa kuwa na tatizo kama Down. Jibu la uhakika hutoka kwenye sampuli ya kondo au ya maji ya uzazi. Kwenye ripoti tusiishie "kawaida". Andika na kiungo ambacho hakikuonekana, mfano moyo kwa sababu mtoto kageuza mgongo juu, na umpe mama tarehe ya kurudi.