MJADALA: Lile pori la nyuma ya mtaa wetu Tabora, lipimwe viwanja au liachwe?

Mwana wa Pembezoni

Habari zenu wana Tabora, na nyie mlioko Dar mnaosema Tabora ipo moyoni ila kiwanja mmenunua Kigamboni, karibuni pia.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita kwenye mkutano wa mtaa imeletwa hoja kwamba lile pori lililobaki nyuma yetu huku kusini mwa manispaa, ukiacha lami unaingia vumbi unaelekea upande wa msitu wa Urumwa, lipimwe viwanja. Sio hifadhi jamani, hifadhi ina mipaka yake, naongelea ile miti ya miombo iliyo katikati ya mashamba yetu na hifadhi, ambayo kila mtu anaitumia na hakuna anayeweza kukutolea hati. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, nikaitwa mpinga maendeleo, na kwa vile pale nilipewa dakika mbili tu basi nimekuja kumalizia huku.

Kwa asiyepajua kwetu, ni mtaa wa mwisho. Bajaji anakushusha kwenye mwembe anageuza, mbele haendi, anasema mchanga unamla tairi. Watu wa kila aina tupo. Kaa kwenye foleni ya bomba asubuhi utasikia Kinyamwezi, Kisukuma, Kiha, Kirundi cha wale waliokulia Ulyankulu na uraia wakapewa, na kuna bibi mmoja wa Kimanyema hapo jirani, yeye anasema ukoo wake ulifika na misafara ya pembe za ndovu kabla reli haijafika, na reli imefika Tabora 1912, kwa hiyo asitokee mtu wa kumwita mgeni. Wapo walimu waliopanga kwa sababu huku chumba ni bei rahisi, wapo wakulima wa tumbaku walioacha mabani yao ya kukaushia kijijini wakaja kusomesha watoto, na siku hizi kuna vijana wa kazi za ujenzi wa SGR, ile reli ya kisasa.

Sasa hao wote pori wanalitumia. Mvua zikishika, kina mama wanaingia saa kumi na moja alfajiri na ndoo, saa mbili wapo barabarani wamepanga uyoga kwenye sahani za plastiki, na ukichelewa unakuta ule ulioanza kuingia mchanga. Kuna matunda ya porini, mbula na ntalali, watoto wanarudi wamejaa midomo. Kuna mizinga ya nyuki juu ya miti. Ng'ombe wanapita. Na mkaa upo, sitaki kudanganya, mkaa unachomwa usiku na unatoka alfajiri kwa baiskeli.

Hoja yangu mimi sio kwamba mti ni mtakatifu. Hoja yangu ni kwamba tumeshapimiwa viwanja mara moja, kile kipande cha upande wa mabwawa ya matofali, na jana nimepita kuhesabu, nimekuta nyumba saba zenye watu. Saba! Viwanja vingine ni bikoni tu, zile alama za mipaka, kwenye majani, na mapagale mawili yameota mpapai ndani. Wenye viwanja wapo Mwanza, wapo Dodoma, wanasubiri bei ipande treni ikianza. Mama aliyekuwa anaokota kuni pale sasa anatembea saa nzima zaidi, na akikatiza anaambiwa ni eneo la mtu. Pori la wote limekuwa majani ya watu wachache. Hilo ndo niliite maendeleo gani? Leteni hoja.

Fundi Kapela

Kaka nakuheshimu ila unaongea kama mtu mwenye kwake. Mimi nimepanga Ipuli mwaka wa sita, chumba kimoja, watoto watatu, mwenye nyumba anapandisha kodi kila akiona nimenunua bati. Tabora imejaa, sensa ya 2012 manispaa ilikuwa na watu 226,999, ya 2022 tumevuka laki tatu, hao wote walale wapi, juu ya mti wa mtundu kama nyuki? Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini, zamani tulikuwa tunaangalia bwawa la Igombe tu limejaa au limekauka, sasa kisingizio cha kukaa tumebanana katikati kimeisha. Wapime, waweke bei ya mtu wa kawaida, tujenge. Na uyoga utaota sehemu nyingine, msitu hauishi hapo, si ndo Urumwa yenyewe ipo mbele?

Mwana wa Pembezoni

Fundi, "wapime waweke bei ya mtu wa kawaida", hapo hapo ndo penye kazi. Ile mara ya kwanza wewe ulipata?

Fundi Kapela

Sikupata. Fomu ziliisha siku ya kwanza. Ila hiyo ni shida ya ugawaji sio shida ya kupima.

Mrina Asali wa Tumbi

Shikamooni wakubwa. Mimi nina mizinga arobaini na kitu pori hilo hilo na nataka kusema kitu ambacho wenzangu hawatapenda. Sisi warina asali tunajisifia tunalinda msitu, ni kweli kiasi, asali ya Tabora ni ya miombo, miyombo na mitundu ikichanua ndo nyuki wanafanya kazi, bila hiyo miti hata mzinga uwe wa kisasa namna gani utakaa na buibui. Lakini mzinga wa gome je? Unachuna gome la mtundu mzima mzima kama unavua mtu shati, unashona na vijiti, unapandisha juu, na ule mti uliochunwa mwaka unaofuata umesimama mkavu. Mti mmoja mzinga mmoja, na mzinga wenyewe miaka michache umeoza. Babu yangu alifanya, baba alifanya, mimi nimeacha baada ya kwenda pale Chuo cha Ufugaji Nyuki, sasa natumia mbao. Mbao nayo ni mti, najua, msinicheke, ila sanduku moja linakaa miaka mingi.

Ninachosema, kama tunataka liachwe basi liachwe kwa utaratibu. "Liachwe" bila utaratibu maana yake libaki la mwenye shoka. Misitu ya vijiji sheria ipo, ya 2002 hiyo, inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia, sasa sisi tumeshakuwa mtaa ndani ya manispaa, hatuna ardhi ya kijiji, ndo maana hakuna anayeshika. Tumekaa katikati, mjini hatujafika na kijijini tumeshatoka.

Mama Nsansa

Nyie wanaume mnaongea uyoga uyoga kama vile ndo kitu pekee. Mimi nauza mkaa. Nasema wazi, wala sijifichi nyuma ya jina la mtu mwingine. Gunia nanunua kwa vijana, napima kwenye kopo, mteja wangu mkubwa ni huyo huyo mwalimu anayefundisha watoto kutunza mazingira. Serikali imesema taasisi zinazopikia watu zaidi ya mia ziache kuni na mkaa kuanzia mwaka 2024, na mkakati wa nishati safi unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Sawa. Mtungi mdogo wa gesi nilipewa kwa bei ya punguzo, ulivyoisha, kuujaza inatakiwa hela yote kwa mkupuo, wakati mkaa nanunua wa mia tano nikapika maharage yakaiva. Ndo hesabu ya jikoni hiyo.

Kwa hiyo mkipima viwanja, ile siku ya kusafisha eneo mkaa utakuwa bwerere mwezi mmoja, baada ya hapo mimi nakula nini? Mkiacha, vijana watamaliza wenyewe miaka mitano. Mimi naona mnabishania maiti.

Mzee wa Kwihara

Marhaba wanangu. Nimesoma yote, mjukuu ananiandikia.

Mnaliita pori kama vile Mungu aliliweka hivyo. Ingieni ndani, vukeni kile kijito kinachokauka Julai, mtakuta miembe mikubwa minne imepangana. Mwembe haujiotei kwa mstari katikati ya miombo. Pale walikaa watu. Wakati wa Mwingereza, miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu ya mbung'o na malale, watu wengi wa Unyamwezi walihamishwa wakakusanywa sehemu moja, mashamba yao yakarudi kuwa miti. Baba yangu alinionyesha mawe ya kusagia bado yapo chini ya majani, moja limelika katikati mpaka limekuwa kama bakuli. Kwa hiyo fundi anaposema watu wakae pale, hajasema ajabu, walishakaa. Na anayesema miti ikiachwa inarudi, naye hajasema uongo, ilisharudi, ila ilichukua umri wangu mzima na miti yenyewe haikuwa inakatwa kila usiku.

Mimi siogopi nyumba. Naogopa bikoni. Nyumba ina mtu, utamgongea hodi umwombe njia. Bikoni utamwomba nani?

Fundi Kapela

Mzee shikamoo. Hapo kwenye bikoni nimekuelewa. Basi mimi nabadilisha kidogo, wapime kipande cha mbele tu kinachopakana na nyumba zilizopo, aliyepewa asipojenga ndani ya muda fulani anyang'anywe apewe mwingine, na kule kwenye miembe na mizinga kuachwe. Ila msiniambie nisubiri tena, kodi inaisha Desemba.

Mwana wa Pembezoni

Fundi hiyo ya kunyang'anywa naiunga mkono, na nataka iandikwe kabla ya kupima sio baada. Mama Nsansa naye asiachwe nje, kamati ikiundwa wauza mkaa waingie, maana wao ndo wanajua nani anakata wapi, kuliko sisi tunaojifanya tunajua. Mrina asali naomba uje na mwalimu mmoja wa kile chuo cha nyuki kama atakubali.

Muhtasari wa mkutano uliopita unasomwa Jumamosi saa nne, na nimeambiwa umeandikwa "wananchi wote waliridhia". Mimi sikuridhia, na naona hapa hata fundi ameridhia nusu. Njooni tuseme kabla haujapigwa muhuri. Ofisi haina viti vya kutosha, kila mtu abebe cha kwake.

Mama Nsansa

Nitakuja na kigoda. Ila saa nne ndo muda wangu wa wateja, mwambieni mwenyekiti aanze na ajenda yetu asituwekee mwisho baada ya michango ya mwenge.