Nairobi–New York: mbona kwenda ni saa 15 na kurudi 14?

Mgeni_Embakasi
Wakuu, kwa mstari wa moja kwa moja Nairobi hadi New York (JFK) ni kama kilomita 11,840. Nikigawanya kwa mwendo wa 900 kwa saa napata saa 13 na dakika chache. Tiketi inasema karibu 15 kwenda, 14 kurudi. Hizo nyingine zinapotelea wapi? Na kupitia Doha badala ya Amsterdam kuna hasara?

Dira
Umegawanya vizuri, ila 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, si juu ya ardhi. Kule juu, kilomita 9 hadi 12 kutoka chini, kuna mkondo wa upepo unaovuma toka magharibi kwenda mashariki. Kwenda Marekani ni mbisho, kama wanavyosema mabaharia, yaani upepo wa usoni. Ukikupunguzia kilomita 60 tu kwa saa, unabaki na 840, yaani saa 14 na dakika 6. Kurudi unakusukuma: 960, saa 12 na dakika 20. Majira ya baridi huko kaskazini huzidi nguvu.

Tena saa za tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kule. JFK foleni ya kuruka huwa ndefu, weka nusu saa au zaidi.

Mzani
Ongeza mzunguko. Tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, ndege nyingi huikwepa anga yake, kwa hiyo ule mstari ulionyooka ni wa kwenye ramani tu.

Halafu JKIA, uwanja wa Nairobi, iko mita 1,624 juu ya bahari. Hewa nyepesi, matangi yamejaa: jua likiwaka ndege hupata taabu kunyanyuka. Ndiyo maana safari ndefu hupendelea kuondoka usiku, kukiwa na baridi. Mbisho ikizidi, kinachoachwa ni mizigo, si mafuta.

Kokotoa
Amsterdam: 6,680 + 5,850 = 12,530. Umeongeza chini ya kilomita 700, iko karibu njiani. Doha: 3,350 + 10,770 = 14,120, karibu 2,300 zaidi, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki halafu unageuka. Ni saa mbili na nusu za hewani, kabla ya kusubiri. Nauli ikiwa nafuu sana, sawa, vinginevyo hapana.

Mgeni_Embakasi
Nimeelewa. Na nikiondoka 23:30, nafika saa ngapi za kule?

Dira
Saa tano na nusu usiku, ongeza 15: saa nane na nusu mchana ya Nairobi. New York iko nyuma yetu: toa 8 kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, unatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi toa 7: saa moja na nusu.

Mzani
Tiketi ikiandika 00:30 tarehe 12, uwanjani unaenda jioni ya tarehe 11. Wengi huachwa hapo.