Kupima umbali wa mboni nyumbani kabla ya kuagiza miwani

Mwalimu wa Mbale:
Habari zenu, ndugu. Nilipimwa macho Kampala nikapewa karatasi ya vipimo inayoonyesha nguvu ya lenzi ya -5.50 (yaani sioni vizuri vya mbali) kwa kila jicho, lakini haitaji umbali kati ya mboni ya jicho moja na ya pili. Nataka kuagiza miwani kwa muuzaji wa nje kwa njia ya intaneti, na fomu yake haiendelei mpaka nijaze umbali huo kwa milimita, mahali palipoandikwa PD. Je, kipimo cha rula na kioo kinaaminika kwa lenzi zenye nguvu kiasi hiki? Nauliza pia kwa sababu macho yangu ni meusi, na kwenye kioo siioni vizuri mboni inapoanzia.

Fundi Miwani, Kampala:
Mwalimu, kwanza piga simu pale ulipopimwa, kwa maana huenda namba hiyo imo kwenye faili lako. Ikikosekana, unaweza kupima mwenyewe.

Simama karibu na dirisha mchana, kioo kikiwa kama sentimita 20 mbele ya uso. Tumia rula ya plastiki inayopitisha mwanga, kama ile ya seti ya jometri ya wanafunzi, kwa kuwa rula ya mbao mara nyingi huwa imelika ukingoni na sifuri yake haitegemeki. Iegemeze kwenye nyusi, ikae mlalo. Fumba jicho la kushoto, litazame jicho la kulia kwenye kioo, na uweke sifuri katikati ya mboni yake. Kisha, bila kusogeza kichwa wala rula, fumba la kulia, ufumbue la kushoto, na usome mstari unaoangukia katikati ya mboni hiyo. Namba zitaonekana zimegeuka, kwa hiyo hesabu mistari kwa utulivu. Usiache kufumba jicho moja moja: jicho linalojitazama lenyewe kwenye kioo huelekea mbele moja kwa moja, na hapo ndipo unapopata umbali wa kuonea mbali.

Kuhusu macho meusi, ambalo ni jambo la wengi wetu hapa Uganda, achana na mboni. Weka sifuri pale duara jeusi la jicho la kulia linapokutana na weupe upande wa sikio, kisha usome pale duara la jicho la kushoto linapokutana na weupe upande wa pua. Kwa kuwa maduara yote mawili yana upana sawa, jibu ni lile lile, na ukingo huo unaonekana wazi zaidi.

Watu wazima wengi huwa kati ya milimita 54 na 74, wastani ukiwa karibu 63. Rudia mpaka majibu yasipishane kwa zaidi ya milimita moja, kwa sababu kwa lenzi zako kosa dogo lina uzito. Kosa la milimita 3 kwenye lenzi za -1.00 huleta prizimu (yaani lenzi kupindisha mwanga upande, kipimo chake kikiwa dayopta) ya dayopta 0.3 tu, lakini kwenye -5.50 hufika 1.65, na hapo macho hulazimika kujivuta ili yaone kitu kimoja. Mtu huumwa kichwa, akadhani amepewa vipimo visivyo vyake.

Dada wa Gulu:
Nami naomba kuuliza: je, picha ya simu haitoshi? Nimeona watu wakishika kadi ya benki chini ya pua, halafu wanapima kwenye picha.

Fundi Miwani, Kampala:
Dada, kadi ya benki inafaa kwa sababu upana wake ni milimita 85.6 popote duniani, ila ni lazima iwe sambamba na uso. Tatizo ni kwamba ukiitazama simu iliyo karibu, macho hukaribiana, na namba hutoka ndogo kuliko ile ya kuonea mbali. Mwombe mtu akupige picha kutoka mbali kidogo, nawe utazame kitu kilicho mbali nyuma yake.

Mzee wa Arua:
Mimi nahitaji miwani ya kusomea tu. Je, nitumie namba hiyo hiyo?

Fundi Miwani, Kampala:
Hapana, mzee wangu. Kwa kusomea, punguza takriban milimita 3 kutoka kwenye umbali wa kuonea mbali, kwa hiyo mwenye 64 huandika 61. Lakini kama unafikiria lenzi zinazounganisha mbali na karibu bila mstari, tafadhali usijipime. Hizo huhitaji umbali wa kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua, pamoja na kimo cha mboni ndani ya fremu yenyewe uliyoichagua ikiwa usoni mwako, na kazi hiyo inamhitaji mtu mwenye kifaa aliyekaa mbele yako.