Ute mwingi, majimaji na matone ya damu: kipi cha kawaida, kipi cha kukimbilia hospitali?

Mama_W31
Habari zenu. Mimba ina wiki 31. Chupi inalowa kila siku, ute mweupe mwepesi, hauwashi wala haunuki. Leo baada ya tendo la ndoa nimeona matone ya damu ya waridi. Nitajuaje kama ni ute tu au chupa inavuja? Na hayo matone yanaweza kusubiri kliniki ijayo?

Mkunga_Zamu
Dada, tuanze na damu. Kwa wiki 31 usisubiri kliniki, nenda leo, hata kama ni matone mawili. Mara nyingi ni shingo ya kizazi tu: wakati wa ujauzito imejaa damu, ikiguswa inachuruzika. Shida ni kwamba kondo la nyuma lililokaa chini nalo huvuja damu baada ya tendo, tena bila maumivu. Ukifika, sema kwanza ultrasaundi ya nyuma ilionyesha kondo liko wapi. Kama haijulikani, asikupime mtu kwa vidole ukeni kabla ya ultrasaundi. Kidole kinaweza kuchokonoa kondo na damu ikafunguka.

Taja pia kundi lako la damu. Kama ni Rh hasi (kundi lenye alama ya kutoa, mfano O-), huenda ukahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, na inafaa ichomwe ndani ya saa 72.

Fundi_Maabara
Kuhusu ute: mweupe au kama maziwa, mwepesi, hauna harufu kali, huo ni wa kawaida na huongezeka kadiri mimba inavyokua. Mzito wa mabongebonge na muwasho ni fangasi. Wa kijivu wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo, ni bakteria wabaya waliozidi ukeni. Wa njano-kijani wenye povu, fikiria trikomonasi (vimelea vya zinaa), na hapo mwenzi naye anatibiwa.

Msijitibu kwa kubahatisha. Kwa fangasi mjamzito kawaida hupewa klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa siku 7, si flukonazoli ya kumeza. Na acheni kujisafisha kwa ndani. Mnaondoa bakteria wazuri wanaolinda uke.

Mkunga_Zamu
Chupa kuvuja: kojoa, vaa pedi safi, kavu, ulale kama nusu saa, kisha usimame ukohoe. Maji yaliyotuama ukeni yatashuka kwa mkupuo. Pedi ikilowa maji mepesi yasiyo na harufu ya mkojo, nenda na pedi hiyo hiyo. Ute huacha doa lenye utelezi na hauendelei kububujika. Pedi ikibaki kavu lakini bado una wasiwasi, nenda vilevile, kwa sababu uvujaji mdogo huja na kukatika. Kabla ya wiki 37 ni dharura, na maji ya kijani au kahawia ni dharura wakati wowote. Usiingize chochote ukeni.

Daktari_Uzazi
Naongezea: msipime hatari kwa wingi wa damu peke yake. Kondo likibanduka, damu inaweza kujificha nyuma yake. Unaona tone, lakini tumbo limekaza kama ubao na linauma. Na mimba changa yenye matone, maumivu ya upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega au kuzimia, hiyo huenda imetunga nje ya kizazi.

Mama_W31
Asanteni, naondoka sasa. Na baada ya kujifungua?

Daktari_Uzazi
Damu nyekundu siku 3 hadi 4, kisha ya waridi au kahawia hadi kama siku ya 10, halafu majimaji ya njano-meupe mpaka wiki 4 hadi 6. Aliyefanyiwa upasuaji naye hutokwa. Ukinyonyesha, tumbo hukaza na damu huongezeka kidogo. Hiyo si shida. Shida ni pedi kujaa ndani ya saa moja, bonge kubwa kuliko yai, harufu mbaya, homa ya 38 au zaidi, au damu nyekundu kurudi kwa wingi baada ya kupungua: hapo huenda kipande cha kondo kimebaki. Tumia pedi tu, usiweke tamponi.