Kiti cha mtoto kwenye gari la kale: tufunge, tukataze, au mzazi aamue?

Mleta mada

Wadau, heshima kwenu. Nina gari la mwaka 1966, milango miwili, nililoachiwa na marehemu baba. Nina pia mtoto wa miaka miwili na miezi minne anayelipenda kuliko kitu chochote chenye magurudumu. Hapo ndipo penye mgogoro.

Gari lilitoka kiwandani bila mikanda nyuma. Aliyelimiliki kabla ya baba alifunga mkanda wa kiuno, ule usio na rola ya kujivuta. Wiki mbili zilizopita nilinunua kiti cha mtoto ambacho maelezo yake yanaruhusu mkanda wa kiuno peke yake (vipo, ila vinatafutwa kwa tochi). Nikapiga goti ndani ya kiti, nikavuta mkanda hadi viganja vikawa vyekundu. Kisha nikashika kiti pale mkanda unapopita, nikakisukuma kulia na kushoto. Kipimo tunachofundishwa ni kisihame zaidi ya sentimita mbili na nusu. Changu kilihama upana wa vidole vinne.

Hoja yangu ni hii. Sheria za nchi nyingi hupima gari kwa kanuni za mwaka lilipotengenezwa, kwa hiyo gari ambalo halikuwa na mikanda linasamehewa. Sawa kwa mtu mzima anayejua anachokifanya. Naona msamaha huo usimguse mtoto. Ama gari lifungwe mikanda na kiti ipasavyo, ama mtoto asipande. Nawasilisha.

Mpenzi wa magari ya kale

Mwanangu, nakuelewa, lakini usituletee sheria mpya. Nimeyatunza magari haya zaidi ya miaka thelathini. Watoto wangu wanne walikulia siti ya nyuma na wote wazima. Magari yenyewe hatuyakimbizi. Tunatoka siku ya mapumziko, asubuhi, barabara zikiwa nyeupe.

Na kuna njia ya kati tayari. Uingereza wanasema gari lililotengenezwa bila mikanda lisibebe mtoto aliye chini ya miaka mitatu, na aliyezidi hapo akae nyuma. Inatosha. Ukianza kutoboa nguzo na sakafu ya gari lililodumu miaka yote hii ukiwa na rangi yake ya kwanza, umeua kitu ambacho hakuna fundi atakayekifufua.

Fundi bodi

Shikamoo mzee. Hili la kutoboa nalisikia kila wiki, na mara nyingi halina haja. Magari mengi ya miaka ya sitini yalitoka kiwandani na matundu ya mikanda yakiwa yameshakatwa hesi (meno ya kushikia boliti), hata pale ambapo mkanda wenyewe haukufungwa. Nyanyua siti ya nyuma, bandua zulia, utakuta kizibo cha plastiki au nta. Hesi yake kwa kawaida ni ya inchi 7/16, meno 20 kwa inchi. Usilazimishe boliti ya milimita, utaitafuna.

Kama tundu halipo, hapo ndipo watu wanapoharibu. Niliwahi kuletewa gari ambalo gereji fulani ilikuwa imepitisha boliti kwenye bati la sakafu na kuishikilia kwa washa nyembamba ya kawaida. Ukiangalia kwa juu imependeza. Piga hesabu sasa: mtoto wa kilo 15, gari linatembea kilomita 50 kwa saa, linasimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mkanda unavutwa kwa nguvu ya kilo 210 hivi, na hapo sijaweka uzito wa kiti. Gari la kale halikunji pua kama magari ya leo, kwa hiyo linasimama ghafla zaidi. Likisimama kwa nusu ya muda huo, nguvu inakuwa maradufu. Boliti ile ingechana bati kama karatasi. Lazima liwepo bamba nene la chuma upande wa chini, pembe zake zimeviringwa, na bati linalolizunguka liwe zima.

Kingine, mzee: ule mkanda wa zamani uliokaa juani usiuamini kwa sababu tu ni wa gari. Nyuzi zikishakauka na kupauka, badilisha.

Mama wa wawili

Fundi amesema kweli tupu, ila mimi naenda mbali kuliko mleta mada. Naona mtoto mdogo asipande kabisa, hata kiti kikifungwa vizuri.

Mwaka 2009 taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja kwa kilomita 64 kwa saa. Chumba cha Malibu kilibaki chumba. Cha Bel Air kilijikunja, dashibodi na usukani vikamfuata dereva alipoketi. Kiti cha mtoto ni kizuri, lakini kinategemea chumba kilichokizunguka kisimame. Halafu kwenye gari la milango miwili angalieni migongo ya siti za mbele. Mingi haina komeo. Breki ikikamatwa kwa nguvu inalala mbele, na haimzuii mtu aliyeketi nyuma.

Na Mzee wangu, kwa heshima zote, watoto waliofika salama ndio wanaotajwa kwenye mazungumzo haya. Wale wengine hawana wa kuwasemea. Mwendo wako wa taratibu pia hauamui mwendo wa lori linalokuja mbele yako.

Mpenzi wa magari ya kale

Hilo la lori sina jibu lake. Nakubali.

Mchangiaji mwingine

Kwa nini usimfunge mbele? Gari langu la 1969 lina mikanda ya pointi tatu (inayopita kiunoni na kifuani) mbele tu, na mfuko wa hewa hakuna, kwa hiyo hata kiti kinachotazama nyuma kinakaa bila ile hatari ya mfuko kukipiga.

Fundi bodi

Inawezekana, ikiwa maelezo ya kiti yanakubali na siti yako ina komeo la mgongo na reli zisizocheza. Sogeza siti nyuma kabisa, maana dashibodi ni chuma kitupu. Nisiulizwe ISOFIX, vile vishikio vya chuma vya kubania kiti cha mtoto bila mkanda: kiwango chake kilitoka 1999, usitegemee kukikuta kwenye magari haya, na kuchomelea vyuma vya kubuni ili kuiga ni kumdanganya mtoto. Na kwa waliokwishahama kiti cha mikanda ya kifuani wakafika kwenye kile cha kumwinua tu: hicho kisitumike kamwe na mkanda wa kiuno peke yake. Mkanda unapanda tumboni na kifua hakina kinachokishika.

Mleta mada

Nimesoma yote. Mama wa wawili, hoja yako ndiyo imenikosesha usingizi, na sitaki kujifanya nina jibu lake. Kiti kilichofungwa sawasawa hakiligeuzi gari la 1966 kuwa la leo. Ila bado sikubali katazo la jumla, kwa sababu tofauti kati ya mtoto aliyefungwa vizuri na aliyeachwa huru kwenye siti ile ni kubwa mno kuzitupa hali hizo mbili kapu moja. Sheria ishike hapo kwanza.

Mzee, ile njia ya kati ndiyo inayonitia shaka zaidi. Mtoto akitimiza miaka mitatu, nini kinabadilika mwilini mwake kati ya jana yake na siku hiyo? Shingo ni ile ile, uzito ni ule ule. Nils Bohlin wa Volvo alitupa mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, kabla gari langu halijaundwa. Leo hatuwezi kusema ujuzi haukuwepo.

Jana jioni nilinyanyua siti kama fundi alivyoelekeza. Matundu yapo, yamezibwa kwa nta. La kushoto nililisugua kwa brashi ya waya, boliti ikaingia kwa vidole mpaka mwisho. La kulia, nilipogusa bati la pembeni kwa bisibisi, ncha ilizama na nikaona sakafu ya gereji kwa chini.

Mpenzi wa magari ya kale

Usimpandishe.

Mleta mada

Simpandishi. Anapanda gari la mama yake mpaka bati lile likatwe, lichomelewe jipya na bamba liwekwe. Mzee, na lako je, umewahi kunyanyua siti?

Mpenzi wa magari ya kale

Chini ya siti sijatazama tangu nilinunue. Mjukuu anakuja mwisho wa mwezi. Kesho natafuta spana.