Kutenganisha mbawakawa wa Staphylinidae hadi nusufamilia kwa umbo tu

shimo_na_sabuni:
Wakuu, salaam. Nina chupa za mitego ya shimo kutoka shamba la mahindi na ukingo wa kijito, zote kwenye ethanoli 70%. Mbawakawa wenye mabawa mafupi (familia ya Staphylinidae) wamejaa humo, kuanzia wa milimita 2 hadi 15. Nimewagawa kwa rangi na ukubwa, ila nikiwaweka chini ya hadubini makundi yanavurugika: wawili wa rangi moja wana miguu tofauti kabisa. Sina uwezo wa kupima DNA. Kwa umbo la nje peke yake mnaanzia kiungo gani?

pingili_11:
Rangi iache mwisho, mkuu. Mbawakawa aliyetoka kwenye pupa juzi huwa mpauko hata kama spishi yake ni nyeusi, na ethanoli nayo hufifisha rangi ya chungwa.

Kwanza toa wasiohusika. Mwenye koleo mkiani ni Dermaptera, si mbawakawa. Mwenye kipapasio kilichokunjika kama kiwiko, kina rungu nchani, mwili mgumu na pingili mbili tu za mgongoni zilizo wazi, huyo ni Histeridae, familia nyingine ya mbawakawa. Mpana mwenye rungu la pingili tatu, Nitidulidae, nayo ni familia nyingine. Halafu usitegemee mabawa mafupi kupita kiasi, maana Scaphidiinae mabawa yao yanafunika karibu tumbo zima na bado ni Staphylinidae.

Waliobaki, angalia kipapasio kimeshikiliwa wapi kichwani. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Mweke mdudu aangalie mbele, mtazame kutoka juu, vuta mstari wa kufikirika unaounganisha kingo za mbele za macho mawili. Matundu ya vipapasio yakiwa kwenye mstari huo au nyuma yake, juu ya paji, una nusufamilia ya Aleocharinae. Yakiwa katikati ya macho lakini macho yenyewe ni makubwa kiasi cha kumaliza ubavu wote wa kichwa, ni jenasi ya Stenus, na ukingo wa kijito lazima utakupa hao. Yakiwa kwenye ukingo wa mbele wa kichwa na yanaonekana wazi, ni Staphylininae. Yakikaribiana sana na bawa moja likapanda juu ya jingine katikati ya mgongo, ni kundi la Xantholinini.

Ukiwa huyaoni kabisa kutoka juu kwa sababu yamejificha chini ya kigongo kilicho mbele ya jicho, mgeuze chali. Mabamba ya tumbo yanayoonekana yakiwa saba, Oxytelinae. Yakiwa sita, na pingili ya mwisho ya palpi (vipapasio vidogo vya mdomoni) ni kinukta tu juu ya pingili nene ya tatu, Paederinae. Mwenye tumbo la mviringo kama bomba, lisilo na vibamba vya pembeni, mtenge: huyo mara nyingi ni Osoriinae.

hadubini_ya_kijiji:
Naongezea kwa mkuu hapo juu. Hiyo tofauti ya miguu uliyoiona ina maana, ila kuhesabu pingili za wayo ndiko kunakoangusha wengi. Hesabu mguu wa mbele, wa kati, wa nyuma, kwa mpangilio huo; utapata 5-5-5, 4-5-5, 4-4-5 au 3-3-3. Ndani ya Aleocharinae ndiyo inayotenganisha makabila, yaani ngazi iliyo chini ya nusufamilia: Aleocharini ni 5-5-5, Athetini 4-5-5, Homalotini 4-4-5. Oxytelinae wengi wa shambani ni 3-3-3.

Hesabu mdudu akiwa ndani ya majimaji, si mkavu, kwa kuwa akikauka vinyweleo vinagandana na kuficha maungio. Tazama wayo kwa ubavu, taa itoke chini, ukuzaji 50 au zaidi. Pingili ya kwanza inaweza kuwa fupi sana na kuzama kwenye ncha ya goko. Kucha si pingili. Hesabu kulia na kushoto; zikitofautiana, upande mmoja umevunjika.

Na ukitumia funguo za zamani za utambuzi, kumbuka Pselaphinae waliingizwa kwenye Staphylinidae 1995 na Scydmaeninae 2009. Kwenye funguo hizo utawakuta kama familia zinazojitegemea, hivyo ufunguo wa Staphylinidae utawaruka.

shimo_na_sabuni:
Shukrani sana. Je, huyu mwenye kichwa cheusi, kidari cha chungwa, mabawa ya buluu inayong'aa, tumbo la chungwa lenye ncha nyeusi? Milimita 8 hivi. Naye rangi haitoshi?

pingili_11:
Kwa jenasi inatosha: Paederus, yule ambaye Nairobi wanamwita Nairobi flai ingawa si nzi. Thibitisha kwa pingili ya nne ya wayo, imegawanyika masikio mawili. Kwa spishi rangi haisaidii. Kenya wapo P. sabaeus na P. eximius, na hapo unahitaji uume wa dume. Dume utamjua kwa bamba la mwisho la tumboni lenye mpasuko mrefu katikati.

Mlainishe kwenye maji ya moto, ingiza pini nyembamba iliyopindwa ncha kupitia mwisho wa tumbo, vuta taratibu. Loweka kiungo kwenye KOH (hidroksidi ya potasiamu) 10% hadi misuli iyeyuke, ukichungulia kila mara. Ukikisahau humo kitakuwa kioo na hutaona mipaka ya kitu. Suuza kwa maji, kisha kiweke kwenye kichupa cha gliserini kwenye pini ileile ya mdudu.

Vaa glavu. Sumu iitwayo pederini imo kwenye damu yake na hubaki hata akikauka. Ikigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mara moja, usisubiri muwasho: malengelenge hutokea baada ya saa 12 hadi 48.