Wauza masinki ya choo: risiti inasema krimu, boksi lina jeupe, na kurudisha mnakataa

Wakuu, heshima kwenu.

Nimechoshwa na jinsi masinki ya choo yanavyouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam, hasa kwa sisi ambao hatujengi upya bali tunabadilisha sinki lililopasuka katika bafu ambalo marumaru, sinki la kunawia na mabomba yake yamekwisha kukaa mahali pake kwa miaka mingi. Anayejenga huchagua sinki analolipenda, kisha bafu zima likalifuata. Anayebadilisha hana uhuru huo, na wauzaji hawataki kabisa kulielewa jambo hili.

Nilikwenda dukani na kipande cha marumaru ya ukutani, nikaeleza kwamba ninahitaji krimu iliyokolea kidogo, inayolingana na sinki la kunawia ambalo bado ni zima. Nilionyeshwa sinki la mfano chini ya taa za manjano, nikalipa, na risiti ikaandikwa "krimu". Lililofika nyumbani ni jeupe lenye ukijivu kwa mbali, na likiwekwa kwenye mwanga wa mchana kando ya lile la kunawia, tofauti inaonekana tangu mlangoni. Duka limenijibu kwamba krimu ni krimu, na kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Rangi ya vyombo hivi hutokana na madini yanayotiwa katika ule utando unaong'aa kabla ya kuchomwa tanuruni, kwa hiyo hata kiwanda kimoja kinaweza kutoa krimu mbili zisizofanana. Mfanyabiashara wa bidhaa hizi analijua hilo kuliko mteja yeyote, na ndiyo maana ni wajibu wake kufungua boksi mbele ya mteja, nje, juani, kabla ya kupokea fedha.

Jambo la pili ni kushinikizwa. Kila duka lilitaka kunipa sinki jeusi lisilong'aa, la kipande kimoja, kwa hoja kwamba ndiyo fasheni ya sasa. Hakuna aliyeniuliza ninatumia maji gani! Sehemu nyingi za jiji hili tunatumia maji ya kisima yenye chumvi, na maji hayo yakikauka huacha madoa meupe ambayo kwenye rangi nyeusi huonekana wazi kila siku, huku kusugua kwa asidi kukizidi kuharibu uso wake. Kuhusu kipande kimoja, ninakubali kwamba ni rahisi kusafisha, lakini tangi likipata ufa unanunua sinki zima, ilhali kwa lile la vipande viwili unaweza kubadilisha tangi peke yake ukilipata la aina ileile.

Wala hawaulizi kama bomba la majitaka linatokea ukutani au sakafuni, na kama ni sakafuni, kuna umbali gani kutoka ukutani hadi katikati ya tundu. Sinki lililotengenezewa umbali wa milimita 400 halikai kwenye tundu lililo milimita 300 kutoka ukutani. Litagonga ukuta kwa nyuma, na fundi atalazimika kuvunja marumaru ambayo leo huwezi kuyapata tena sokoni. Kipimo hicho kingeandikwa kwenye kibandiko cha bei, watu wengi wangeepuka hasara.

Kwa wanaotishwa na maandishi ya "hairudishwi": Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na ikiwa mteja alionyeshwa pia sampuli, ilingane na vyote viwili. Risiti yangu ina maelezo, na sampuli bado imesimama dukani kwao. Sinki waliloniletea halijaguswa na saruji, limo ndani ya boksi lake, na ninadai waje walichukue kwa gari lao na kunirudishia fedha yangu yote, pamoja na ya usafiri. Wakikataa, malalamiko yangu nitayapeleka kwa maandishi Tume ya Ushindani.